Dawa ya Kugawana

Foleni ya asubuhi hiyo ilikuwa imetoka nje ya mlango wa zahanati, ikapita benchi la saruji, ikapinda kwenye bomba la maji. Wengi waliokuwamo walikuwa wakikohoa. Yalikuwa majira ambayo baridi huingia bila hodi na kila nyumba huwa na mkohozi wake. Akipona mmoja, anamwachia mwenzake zamu. Tabibu alikuwa ameshasikiliza vifua vingi mpaka masikio yakamuuma pale kifaa cha kusikilizia kilipobana. Maneno nayo alikuwa ameyarudia mpaka akajisikia kama mtu anayesoma tangazo la ukutani. Kifua chako kiko safi. Homa huna. Hiki kikohozi kimeletwa na virusi, na zile dawa za kuua bakteria haziwezi kukigusa. Kunywa vitu vya moto, pumzika, ukiona homa kali au pumzi inakatika rudi hapa mara moja.

"Kwa hiyo sipewi kitu?" waliuliza, mmoja baada ya mwingine.

"Umepewa ushauri."

Walimtazama kama mtu aliyekwenda dukani kununua sukari akaelezwa jinsi miwa inavyolimwa.

Muuguzi alichungulia mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mwili wake na maneno yake. "Daktari, dada yako huyo anapita. Foleni imemlalamikia, yeye ameijibu. Mimi simo."

Dada aliingia kabla hajamaliza kutajwa. Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Futi ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida yake, na vipande vya uzi mweupe vimemganda kwenye gauni tangu kifuani hadi gotini. Ndiye aliyewalea wadogo zake baada ya mama yao kuondoka duniani, naye mwenyewe akiwa bado msichana. Cherehani ile ile ndiyo iliyomsomesha tabibu, kitinda mimba, mpaka akavaa koti jeupe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikai, mdogo wangu. Shule zinafunguliwa na mashati yamelala pale hayana kola. Nipe zile dawa za rangi mbili niende zangu."

"Za nini?"

"Za nini! Masikio umeyaziba na hilo dude lako? Jana nimekohoa mguu ukaruka juu ya pedali, sindano ikanila kidole. Mteja ananiuliza kibovu ni cherehani au ni mimi."

Tabibu alicheka kidogo, kwa kuchoka zaidi kuliko kwa furaha, akamwambia akae. Akampima homa, hakuwa nayo. Akatazama kifua kikipanda na kushuka, kilikwenda taratibu. Akaweka kifaa mgongoni mwake juu ya gauni, huku simu ikilia mezani na muuguzi akirudi kuuliza funguo za kabati. Alisikia alichohitaji kusikia: hewa inaingia, hewa inatoka, huku na huku, bila mkwaruzo. Ilikuwa kazi ya muda mfupi sana.

"Kifua chako kiko safi, dada."

"Kifua safi kinatoa makohozi ya njano?"

"Rangi peke yake haisemi kitu. Ni mafua yameshuka kifuani. Yatakwisha yenyewe, ila yana ukaidi. Kikohozi cha namna hii kinaweza kuvuta hata wiki tatu."

"Wiki tatu! Hayo mashati watavaa watoto au wajukuu zao?"

"Vile vidonge havitapunguza hata siku moja ya maana. Vitakuharibia tumbo tu. Na siku utakapovihitaji kweli, vitakuwa havifanyi kazi."

Dada alivuta ncha moja ya futi, ikashuka. Akavuta ya pili, zikalingana. Tabibu aliujua mkono huo. Ulikuwa ukijipanga kugombana.

"Mzee Tochi umempa," dada alisema.

Mzee Tochi alikuwa mlinzi wa ghala lililokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha dada. Walimwita hivyo kwa sababu tochi yake haikumtoka mkononi hata jua likiwa utosini.

"Nimeiona bahasha kwa macho yangu," dada aliendelea. "Yeye anakohoa, mimi nakohoa. Yeye kapewa dawa, mimi nimepewa hotuba. Yeye ndiye aliyekulea?"

Tabibu angeweza kusema mengi. Kwamba Mzee Tochi aliletwa na homa inayochoma kiganja, anahema kama aliyepanda mlima, na upande wa chini wa pafu lake la kulia ulikuwa ukikwaruza. Kwamba ile ilikuwa nimonia. Kwamba alimsihi aende hospitali, akakataa kwa kuogopa kukuta mtu mwingine amekalia kiti chake getini, ndipo akampa dozi kamili kwa shingo upande na kumwamuru arudi aonekane. Na kweli alirudi, homa imeshuka, akiwa na utani wake wote. Lakini ugonjwa wa mtu si habari ya kumpa mtu mwingine, hata akiwa dada.

"Ya Mzee Tochi ni ya Mzee Tochi," alisema.

"Haya." Dada alisimama. "Na dukani siendi. Muuza dawa ataniuliza, mdogo wako hana? Nimjibu nini? Nitakaa nacho. Siku kikiniangusha mtakuja kunipima vizuri."

"Dada, usiseme hivyo."

"Wewe ndiye niliyekuwa nakupa kijiko cha kwanza," dada alisema kwa sauti ya chini, akatoka. Kikohozi chake kilisikika kikipita kwenye korido, kwenye benchi, kwenye bomba la maji, kikaishia barabarani.

Tabibu alijua ni kijiko gani. Utotoni mwao, mmoja wao akiandikiwa dawa, wote walikunywa. Hapakuwa na uchoyo katika nyumba ile wala hapakuwa na uwezo. Akikohoa mmoja, watatu walikuwa tayari wanakohoa. Basi dada alifungua vidonge vya rangi mbili kwa kucha, akamwaga unga kwenye sahani ya bati, akaugawa kwa ncha ya kisu, mafungu sawa, kisha akamlisha kila mmoja kwa kijiko cha uji. Mdogo alianza. Tabibu aliukumbuka uchungu ule, na aliukumbuka uso wa dada ukimwinamia, umekunjamana kwa makini kana kwamba unapima dhahabu. Katika masomo yake yote hakuna mwalimu aliyewahi kumfundisha jambo baya kwa upendo mwingi kiasi kile.

"Mwingine," alimwambia muuguzi.

*

Siku zilizofuata dada alimnunia. Hakumnunia kwa kelele. Alimnunia kwa cherehani. Tabibu alipopita kibandani jioni na kusalimia, pedali iliongeza mwendo. Akisimama, mashine haikusimama. Akiuliza hali, sindano ndiyo iliyomjibu.

Kwa hiyo alijifunza kumpima kwa mbali. Alisimama ng'ambo, akajifanya anafunga kamba za viatu, akasikiliza. Kikohozi kilikuwa kikubwa, kikavu, cha kuudhi. Lakini baada yake pumzi ilikuja ndefu, isiyo na haraka. Dada aliweza kukohoa na bado akamfokea mpita njia aliyekanyaga kitambaa, sentensi nzima bila kutua. Mtu mwenye nimonia hana pumzi ya kufokea namna ile. Tabibu alijiambia hivyo, akaondoka, na hatua chache mbele akaanza upya. Je, kama siku ile, kwa ajili ya simu na funguo, kuna kitu kilimpita? Alikuwa amekosea mara chache kazini, kama wote, na alijua kwamba kosa halipigi hodi. Kosa juu ya kifua cha mwingine angelibeba. La kifua hiki, hakujua angeliweka wapi. Na hata kama hakukosea, ilionekana kwamba dada alikuwa ameshamwondokea moyoni, ingawa ameketi palepale penye cherehani.

"Nyinyi wawili mkinuniana," muuguzi alisema wakikunja mashuka, "hata mbu wanahama mtaa. Si ungempa tu? Vidonge vichache vya kumtuliza roho. Wangapi wanapewa?"

"Roho yake haina bakteria."

"Aa, daktari. Wewe nawe." Muuguzi alikung'uta shuka. "Lakini uso wako unaonekana kama shuka lililolaliwa."

Alikuwa amechoka kweli. Alichoka kwa kusema hapana. Watu hudhani hapana ni neno jepesi, kwamba anayetoa ndiye anayejichosha. Lakini kuandika dawa huchukua kufumba na kufumbua, na mgonjwa anaondoka anakushukuru. Kumnyima ndiko kunakokula asubuhi nzima. Nyakati nyingine, foleni ikiwa imepinda pale kwenye bomba, mkono wake ulisogea wenyewe kuelekea kalamu.

*

Jioni moja alinunua tangawizi na kichupa cha asali, akaenda kibandani ameshaamua kwamba leo atakaa hata akijibiwa na sindano. Cherehani ilikuwa kimya. Hilo lilimshtua kabla hajaona chochote. Mashati meupe yalikuwa yamerundikwa kwenye meza ya kukatia, yana mikono lakini hayana kola, na dada alikuwa ameketi nyuma kwenye kigoda, ameegemea ukuta, ameshika tumbo.

"Dada! Una nini?"

"Usinipigie kelele. Tumbo linaniendesha tangu asubuhi. Mimi na choo tumekuwa mtu na mwenzake."

"Umekula nini?"

Dada alimtazama. Uso ulikuwa umenyauka lakini macho yalikuwa na ushindi ndani yake. "Nimekula dawa," alisema. "Ndiyo. Usinitolee macho. Wako watu wenye huruma."

"Dawa gani? Umeitoa wapi?"

"Kwa Mzee Tochi."

Akaeleza yote bila kuficha, kwa sababu kwake hapakuwa na la kuficha. Kila jioni mzee akija zamu, huvuka barabara kuchukua kikombe cha chai, desturi yao ya miaka. Siku ile ile aliyotoka zahanati amenyimwa, mzee alimkuta akikohoa mpaka machozi. Akamuuliza, mbona mdogo wako hajakupa kitu? Dada akamwambia kilichotokea. Basi mzee akatikisa kichwa, akatoa bahasha mfukoni, akamwaga vidonge vyote mezani, hapo hapo kati ya chaki na mkasi, akaanza kuvisukuma kwa kidole: chako, changu, chako, changu, mpaka vikaisha.

"Sikumwomba," dada alisema. "Alisema yeye ameshapata nafuu, vitamlalia tu mfukoni. Kagawa sawa kwa sawa. Kama tulivyokuwa tunagawana sisi, kabla hatujasoma."

"Na kikohozi chako?"

"Kipo," dada alikiri. "Lakini kimeanza kuogopa."

Tabibu aliweka asali mezani. "Vyake viliisha lini?"

"Nitajuaje? Siku nyingi. Vilikuwa haba."

"Yuko wapi sasa?"

"Atakuwa getini. Zamu yake imeshaanza." Dada alinyoosha shingo kutazama ng'ambo. "Ingawa leo hajaja kuchukua…"

Hakumaliza. Kikombe cha mzee kilikuwa kwenye rafu, kimefunikwa kwa kisahani, chai imepoa ndani yake. Dada alikitazama, akamtazama mdogo wake, na ule ushindi ukamtoka machoni.

Walivuka barabara pamoja. Jua lilikuwa bado lipo, limelala kwenye mabati ya ghala, na Mzee Tochi alikuwa kwenye kiti chake kama siku zote, kofia kichwani, tochi mapajani. Tochi ilikuwa inawaka.

"Mzee," tabibu alisema, akipiga goti mbele yake.

"Daktari." Alihema. "Usinigombeze… mbele ya watu. Niko kazini."

"Sikugombezi. Mbona tochi inawaka?"

"Nilitaka kuizima." Alihema tena. "Mkono umekuwa mzito."

Ngozi yake ilichoma. Mbavu zilikuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi, na alivuta haraka haraka, kwa juu juu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Alikuwa ameweka kiganja chini ya titi la kulia, mahali palepale. Tabibu hakuhitaji kifaa chochote. Alimwita msimamizi wa ghala, akamwambia kwa maneno machache, na msimamizi, ambaye siku zote alikuwa mgumu wa kutoa hata karatasi, alitoa gari la mizigo bila swali. Wakamlaza mzee kwenye magunia matupu. Dada alipanda nyuma kabla hajaambiwa, akaketi, akakiweka kichwa cha mzee kwenye mapaja yake, futi ikiwa bado shingoni na tumbo lake lenyewe likinguruma.

"Wewe rudi, unaumwa," tabibu alimwambia.

"Niache," dada alisema. Alizima ile tochi akaishika.

*

Hospitali walimpokea, wakamtundikia maji, wakamwekea hewa puani na dawa ya mshipani. Daktari wa zamu alimwambia tabibu kwamba usiku ule ndio utakaosema kama atavuka.

Asubuhi tabibu alikuwa tena mezani kwake, na foleni ilikuwa tena kwenye bomba la maji. Alisikiliza vifua huku wazo moja likimzunguka kama nzi. Laiti angempa dada vile vidonge siku ile, dozi ya mzee isingeguswa. Aliligeuza huku na huku wala hakuona njia ya kulikwepa. Hapana yake ilikuwa sahihi. Ilikuwa imetoka hapa mezani, ikavuka barabara, ikaenda kumlaza mtu mwingine. Angefanyaje? Ampe kila anayekohoa ili asije akanyang'anya wenzake? Alikuwa ameona, hapo zamani za mafunzo, wodi ambamo dawa za kawaida zilikuwa zimegeuka maji, wadudu wamezizoea, na watu wazima wanakufa kwa vitu vya kijinga. Hakutaka kuusaidia mtaa wake kufika huko, bahasha kwa bahasha. Lakini hakuweza pia kumlaumu mzee aliyegawa, wala dada aliyepokea. Walifanya walichofundishwa na shida: ukiwa na kitu na mwenzako hana, unakata kati.

"Mama," alimwambia mgonjwa aliyekuwa mbele yake, mwanamke aliyekuwa ameshaanza kununa, "kabla hujaondoka, una muda kidogo? Nataka nikueleze nilichosikia humo ndani."

Muuguzi alichungulia mara tatu kabla ya saa sita. "Daktari, watu wanauliza leo ni semina?"

*

Habari ya kwamba mzee amevuka ililetwa na msimamizi wa ghala, aliyekuja kulalamika kwamba mlinzi wa muda analala. Siku tabibu alipopata nafasi ya kwenda, ilikuwa mchana, saa ya kutazama wagonjwa, na wodi ilinukia sabuni na machungwa. Mzee Tochi alikuwa ameketi kitandani, mwembamba kuliko shuka, akiongea.

"Nimesikia kiti changu kimepewa mkoromaji," alisema. "Wakiibiwa wasinitafute."

Dada alikuwa kwenye stuli kando yake. Alikuwa amekuja na mashati. Aliyatandaza mapajani, akapachika kola kwa sindano ya mkono, kazi ya kuchosha macho ambayo mashine huifanya mara moja. Alipomwona mdogo wake alisogea kumpa nafasi kwenye stuli, nusu yake. Wakaketi wameegemeana kwa sababu stuli ilikuwa ndogo.

"Shikamoo."

"Marahaba." Sindano iliingia, ikatoka. "Hawa wauguzi wa hapa wameniambia. Sikuwauliza, wameniambia tu, kwamba ile dozi ilikuwa ya kumaliza yote." Alivuta uzi. "Ningekuwa nimemuua?"

"Hujamuua."

"Sikukuuliza hivyo."

Tabibu alifikiri. "Ilikaribia," alisema. "Na mimi nilikuwamo."

Mzee Tochi alikohoa kwa makusudi. "Aliyegawa ni mimi. Mbona hamnitaji? Mnanifanya kama mzigo uliodondoka wenyewe."

"Nyamaza wewe, unatumia hewa," dada alimwambia.

Tabibu alitoa kifaa chake mkobani. Alikuwa ameliwaza jambo hili kwa siku kadhaa. "Mzee, utaniruhusu dada asikilize kifua chako?"

"Hata akitaka kukishona."

Alimvalisha dada kifaa masikioni, akaweka upande wa pili mgongoni mwa mzee, chini, kulia. "Vuta pumzi, mzee. Tena." Dada aliinamisha kichwa. Uso ukamkunjamana kama zamani, kama juu ya ile sahani ya bati.

"Kuna kitu kinakatika humo," alisema. "Vidogo vidogo. Kama kitambaa kipya chenye wanga, unapokifikicha kwa vidole."

"Hicho ndicho. Na hapo kimepungua sana. Siku ya kwanza kilijaa upande wote."

Dada alisikiliza mpaka mzee akasema anasikia baridi. Kisha tabibu akapitisha mkono kwenye shingo ya gauni la dada, safari hii kwenye ngozi, si juu ya nguo, akaweka kifaa mgongoni mwa dada mwenyewe. "Sasa wewe. Vuta."

Dada alivuta pumzi. Macho yake yalikaa hewani. Akavuta nyingine, na nyingine, polepole, na tabibu akausogeza mkono kila mahali, juu, katikati, chini, huku na huku, asiache.

"Mbona kimya?"

"Si kimya. Sikiliza vizuri."

"Upepo tu." Alisikiliza tena. "Kama mtu aliyelala chumba cha pili."

"Ndicho nilichosikia siku ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kiko safi."

"Safi ni neno la sabuni," dada alisema. "Ungenisikilizisha."

Tabibu alikuwa na majibu. Foleni, simu, funguo za kabati. Aliyaangalia yote, hakuona moja linalostahili kutolewa nje. "Ningekusikilizisha," alisema.

Wakati huo kikohozi kikamshika dada, kikamtikisa mpaka shati likaanguka sakafuni. Walimngojea. Kilikwenda, kikarudi, kikamwacha anafuta macho kwa upande wa kiganja.

"Huyu bado hajapona?" Mzee Tochi aliuliza.

"Bado," tabibu alisema. "Kitakwisha kikitaka."

"Na nusu ya dawa zangu kala!"

Dada alicheka, akakohoa kwa kucheka, muuguzi wa wodi akawatazama kwa jicho la onyo.

Mzee alikuwa anatoka kesho yake, na bahasha mpya ya vidonge ilikuwa tayari mezani kwake. Dada alikuwa ameshalichukua koti lake la ulinzi. Alilipindua, akawaonyesha: ndani, upande wa kushoto, alikuwa ameshona mfuko mdogo kutokana na mabaki ya sare, na kifungo chenye tundu la kubana, la kufunguka kwa taabu. Akaitumbukiza bahasha, akafunga kifungo, akakijaribu kwa kukivuta.

"Hizi ni zako mpaka ya mwisho," alisema. "Ukimgawia mtu, nitakushona na mdomo."

"Hata wewe?"

"Mimi ndiye wa kwanza wa kunyimwa."

Walitoka pamoja saa ya kutazama wagonjwa ilipokwisha. Barabarani kulikuwa na vumbi na jua jeupe la mchana. Dada alibeba rundo la mashati kwapani, karibu nusu tu yakiwa na kola, na shule zilikuwa zimeshafunguliwa.

"Yatafika yakifika," alisema kabla hajaulizwa. Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Umekula?"

Tabibu alijaribu kukumbuka. Alikuwa na njaa tangu asubuhi na hakuwa ameitambua. Alidhani ni uchovu ule ule.

Dada alisimama kivulini, akampa mashati ayashike, akatoa mkate kwenye mfuko. Akaukata kwa mikono, akavitazama vipande viwili kwa makini, akampa mdogo wake kile kikubwa. Wakala wamesimama, na kikohozi kilipomshika dada tena, tabibu alisimama naye, akatafuna taratibu, akangoja mpaka kikaisha.